Ndoo Kumi na Nne za Udongo Uliochoka

Jumamosi, tarehe 1 Machi

Vita vimeanza. Nitaandika kila kitu, maana siku moja watu watataka ushahidi.

Asubuhi mke wangu, Mama Watoto, alisimama kwenye mlango wa roshani, mikono kiunoni, akahesabu ndoo zangu kwa sauti. Kumi na nne. Akauliza zina nini. Nikasema zina udongo. Akauliza na huo udongo una nini. Mwaka jana ulizaa nyanya tatu, na moja ilikuwa na funza. Tangu hapo umekaa tu, mkavu, umejitenga na kuta za ndoo, mizizi ya zamani imetokeza juu kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla.

Anaitaka roshani! Anataka kuweka cherehani yake pale penye mwanga. Sebuleni ni giza na macho yake siku hizi yanamsumbua. Ana sare za shule arobaini za kushona, zikabidhiwe Jumamosi ya tarehe 29. Jana alishona gauni lenye mikono miwili ya kushoto. Anasema mtoto wa kulivaa bado hajazaliwa.

Nikamwambia udongo hautupwi. Udongo si ganda la ndizi. Mifuko ile niliipandisha ghorofa tatu kwa mgongo wangu huu, na mgongo unakumbuka. Akasema sawa, kama una faida uoteshe kitu tuone.

Tumeandikiana mkataba. Mimi ni karani wa masjala mwaka wa ishirini na sita huu, neno la mdomo kwangu ni upepo. Masharti: ikifika tarehe 29, udongo wa zamani, bila kuongezwa hata kiganja cha udongo mpya, uwe umetoa sufuria moja ya mchicha ya kushibisha watu wazima wawili. Ukitoa, roshani ni yangu. Usipotoa, udongo unashuka kwa ngazi zilezile na cherehani inatoka nje. Nakala mbili. Nimefungua faili. Mama Watoto aliuma mdomo asicheke, akatia sahihi.

Mchicha! Mchicha unaota hata kwenye ufa wa ukuta bila kuombwa. Nimeshinda kabla sijaanza.

Jioni jirani alichungulia. Ni nesi mstaafu, roshani yake imepakana na yangu, katikati kuna ukuta unaofika kifuani. Upande wake nyanya, pilipili na biringanya zimening'inia bila aibu. Na udongo wake ni wa zamani kuliko wangu, mwaka wa sita sasa! Bila kuulizwa akaniambia, shemeji, huo udongo wako umechoka. Umechoka! Umefanya kazi gani? Umekaa kwenye ndoo mwaka mzima. Mimi ndiye nimechoka, na sijaona mtu akininyunyizia maji. Akasema ngoja nikueleze namna ya kuurudisha. Nikamwambia asante dada, najua.

Sijui. Lakini mwanamume hapewi somo juu ya ukuta akiwa na fulana ya ndani.

Jumapili, tarehe 2 Machi

Siri ninayo!

Nesi ana dada yake anayeishi mbali na asiyesikia vizuri, kwa hiyo kila Jumapili Nesi humpigia simu na kupayuka mpaka ghorofa zote tatu zinapata habari za ukoo. Leo dada aliuliza habari za bustani. Nilichuchumaa nyuma ya ndoo ya saba nikiwa na daftari. Magoti yalilia lakini nikayanyamazisha.

Alianza vizuri. Udongo wa zamani unaumwaga wote chini, unauvunja mabonge, unatoa mizizi. Nimeandika. Kisha Mama Watoto akaanza kushona huko ndani, krrrrr, ikawa nasikia vipande tu. Umeishiwa nguvu, krrrrr, mboji, krrrrr, na chumvichumvi kidogo.

Chumvichumvi!

Nilitaka kusimama nipige vigelegele. Miaka yote hii nahangaika na maji na jua, kumbe ni chumvi! Na ukifikiri, ni jambo la akili ya kawaida. Chakula kisicho na chumvi hakiliki, basi udongo usio na chumvi utazaaje? Nimetafakari pia kwa nini alisema mara mbili. Si bure. Kiswahili hakipotezi maneno. Chumvi ukiitaja mara moja ni kiungo, ukiitaja mara mbili ni kipimo. Vikombe viwili kwa kila ndoo. Hilo la "kidogo" nadhani alikuwa anamjibu dada yake kuhusu jambo jingine.

Nilimwaga udongo wote sakafuni, nikatoa mizizi, nikaisukumia kwenye kona ya roshani. Kopo la chumvi la jikoni lilitosha ndoo tano. Pakiti za akiba kabatini, ndoo nne. Kisha nikafanya jambo ambalo majenerali wangelisifu: nilikwenda kwa Nesi mwenyewe kuazima chumvi. Akanipa bakuli zima. Akauliza Mama Watoto anapika nini cha kula chumvi yote hiyo. Nikasema wageni. Kumshinda mtu kwa chumvi yake mwenyewe! Raha iliyoje!

Ndoo kumi na tatu zimepata. Ya kumi na nne imekosa, bakuli liliisha. Nimepanda mbegu zote na kumwagilia.

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Tatizo dogo.

Chakula cha jioni. Mama Watoto aliweka kijiko mdomoni, akasita, akainuka kuchukua kopo. Akalitikisa. Akafungua kabati. Akarudi na kopo mkononi, akaniangalia.

Sikuwa nimeandaa jibu. Mtu anafikiria mambo makubwa, hawezi kukumbuka chakula cha jioni. Mdomo ukajisemea wenyewe. Ukasema kazini walikuja watu wa kupima afya, wakanikuta na presha, nimeambiwa niache chumvi, nimeona bora niitupe yote nisije nikashawishika.

Akaweka kijiko chini polepole. Ndipo nilipokumbuka. Baba yake alianguka kwa presha mlangoni kwao, yeye akiwa na miaka kumi na tisa. Ndiye aliyemshika kichwa. Najua hadithi hiyo tangu tuchumbiane, lakini mdomo ulikuwa umeshaondoka na sikuweza kuurudisha.

Hakugomba. Alisogeza sahani yake karibu na yangu, tukala wote chakula kisicho na chumvi. Akaniita mume wangu. Kwa kawaida huniita "bwana wee". Nikajisikia vibaya sana. Kisha akanipa paja la kuku, nikajisikia vizuri kidogo.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mama Watoto amekwenda kumwomba Nesi anipime presha kila Jumanne! Nilipotoka kazini nikamkuta Nesi ameshakaa kwenye kochi, mashine mapajani.

Nikajua nimekwisha. Mimi ni mzima, sijalazwa tangu nizaliwe. Atapima, atasema huyu hana kitu, na mambo yatafumuka. Nikanyoosha mkono kama mtu anayetoa mkono kwa fisi. Mashine ikabana. Moyo ukaanza kupiga ngoma. Nesi akatazama namba, nyusi zikapanda. Akapima tena. Zikapanda zaidi.

Iko juu! Kweli iko juu! Hofu ya kukamatwa kwamba sina presha imenipa presha.

Nimeandikiwa masharti. Hakuna chumvi, hakuna vya kukaanga, hakuna kugombana na watu. Akiondoka Nesi alitupia jicho ndoo zangu, akaniambia, shemeji, na wewe umechoka. Mama Watoto akaitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Siku tisa. Ndoo kumi na tatu hazina kitu. Wala jani. Udongo unang'aa kidogo kwa juu, nadhani ni afya.

Ila ndoo ya kumi na nne imeota! Ile iliyokosa chumvi. Miche imebanana, mibichi, imenyanyua vichwa. Nimeikalia kitako nusu saa nikiifikiria. Maana yake nini? Nimepata. Ndoo zilizokula chumvi zimeshiba, hazina haraka, zinajenga mizizi chini kwa chini. Hii maskini imeota kwa sababu ya njaa, inatafuta. Ikiwa yenye njaa inaota hivi, ikishiba je?

Na pia ni suala la haki. Huwezi kulea watoto kumi na wanne ukamnyima mmoja.

Hapa nyumbani chumvi hakuna, Mama Watoto ameipiga marufuku. Nimeitoa kantini ya kazini, nimeikunja kwenye barua ya zamani. Vikombe viwili kamili, kimoja asubuhi kimoja jioni.

Kuhusu chakula sitaki kusema mengi. Jana tulikula viazi vya kuchemsha. Juzi viazi. Kazini naficha karanga za chumvi kwenye makabati, nyuma ya mafaili yaliyofungwa. Leo mkuu wa masjala alifungua faili la uhamisho la mtu, yakamwagika maganda. Nikasema ni panya. Ameagiza mtego.

Nesi alipima. Juu bado.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Siku ya ajabu. Nimeshindwa na nimeshinda kwa saa moja.

Asubuhi niliikuta ndoo ya kumi na nne imelala. Miche yote, ubavu, imesinyaa. Nimeimwagilia, nimeisemesha, haikuinuka. Nilijiinamia pale nikihesabu siku. Kumi na nne zimebaki na sina hata shina moja la mchicha.

Mara Mama Watoto akatokea na karatasi. Nakala yake ya mkataba. Akaichana vipande vinne mbele yangu. Akasema roshani nichukue tu. Mgonjwa anahitaji hewa na kitu cha kumtuliza moyo, na kama ndoo za udongo zinanituliza, basi ndoo na zikae. Yeye atashona ndani, atazoea. Akaniletea kiti na mto wa kuegemea.

Roshani ni yangu! Nilikaa kwenye kiti. Nikaegemea mto. Nikaangalia milki yangu.

Cherehani ilikuwa inalia huko ndani, inakatika, inalia, inakatika. Nikachungulia. Alikuwa chini ya taa, uzi kwenye vidole, anatafuta tundu la sindano. Mara ya kwanza akakosa. Ya pili. Nilihesabu mpaka saba. Nikaingia nikamtungia. Akasema usijichoshe, rudi ukapumzike. Akasema pia kwamba kila siku anashukuru nilipimwa mapema, baba yake hakuwahi kupimwa.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie. Kweli nilikuwa nimefungua. Lakini baada ya maneno hayo unaanzia wapi? Nimeona aibu leo. Nimerudi kwenye kiti lakini mto nimeuacha ndani.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Nimekamatwa.

Nesi alikuwa anafunga nyanya zake vijiti. Macho yake yakaangukia ndoo zangu. Juu ya udongo kumetanda ukoko mweupe. Nilikuwa nimeuona, nilidhani ni ukungu wa baraka. Akanyoosha mkono juu ya ukuta, akagusa, akaweka kidole ulimini.

Akaniangalia. Akauliza, shemeji, ile chumvi yangu iliwafaa wageni?

Nikamweleza. Sikuwa na pa kukimbilia, mlango wa ndani ulikuwa nyuma ya ndoo. Nikamwambia nilimsikia yeye mwenyewe, kwa sauti yake, akisema chumvichumvi. Alicheka mpaka akashika ukuta kwa mikono miwili. Chumvichumvi, akasema, ni mbolea ya dukani, ile ya chembechembe nyeupe, unatia kijiko kimoja kwenye ndoo nzima ya maji. Inafanana na chumvi kwa macho tu. Ukisema uji ni majimaji, akaniuliza, una maana ni maji mara mbili? Kumbe neno likirudiwa linapungua! Miaka ishirini na sita masjala na hakuna aliyenieleza.

Kisha akaacha kucheka. Akauliza, na presha?

Nikaangalia mawingu. Akasema amepima watu miaka thelathini na tano, presha ya kuugua anaijua na presha ya kuogopa anaijua, alikuwa anasubiri tu kuona kinachoogopwa. Akanipa hadi Jumamosi. Nisipomwambia Mama Watoto kwa mdomo wangu, atamwambia yeye, na mashine atakuja nayo, maana siku hiyo nitaihitaji. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imeishia ukutani.

Lakini kabla ya kuingia ndani akanihurumia. Udongo unaoshwa, akasema. Mwagia maji kidogokidogo, siku kwa siku, yapite yatoke chini na chumvi yake. Baadaye utachanganya na mboji. Usiwe na haraka.

Kuna tumaini! Udongo ukipona kabla ya Jumamosi, kukiri kwangu kutakuwa na kitu cha kufuatana nacho. Kidogokidogo, amesema. Haba na haba hujaza kibaba. Sasa kama mwisho ni kibaba, si bora nianze na kibaba?

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Naandika nikiwa nimekaa kwenye beseni lililogeuzwa. Kila kiti kimelowa.

Niliomba ruhusa kazini, nikataja presha. Mama Watoto akaenda sokoni kununua vifungo. Nikaunganisha mpira wa maji kwenye bomba la jikoni, nikaupitisha sebuleni hadi roshani, nikafungua mpaka mwisho. Ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Maji ya kahawia yakawa yanatoka chini vizuri kabisa. Nikaimba.

Sasa ile mizizi niliyoisukumia kwenye kona tarehe 2. Kona ile ndipo lilipo tundu la kutolea maji. Sikuliona kwa sababu lilikuwa limefunikwa na mizizi.

Maji hayana ubishi, yanatafuta mlango. Nilipogeuka yalikuwa yamevuka kizingiti, yako sebuleni, yana haraka. Na sebuleni, juu ya mkeka, kulikuwa na sare. Ishirini na mbili zilizokwisha kukatwa, zimekunjwa, nyeupe.

Maji yakimwagika hayazoleki, walisema wahenga. Mimi nimeyazoa. Ndoo tisa. Nilikuwa kwenye ya kumi, magotini, tambara mkononi, Mama Watoto alipofungua mlango na mfuko wake wa vifungo.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alitazama zile sare, zimekuwa rangi ya chai. Akauliza taratibu kwa nini mgonjwa anazoa maji. Nikasema mimi si mgonjwa. Nikasema yote pale pale magotini, kuanzia ndoo ya saba nilipochuchumaa, mpaka chumvi, mpaka bakuli la Nesi, mpaka mdomo wangu ulivyoropoka. Nikasema samahani mara nyingi mpaka neno likaisha ladha.

Akauliza, huna presha? Nikasema sina. Akauliza tena. Sina. Akauliza mara ya tatu akaketi kwenye kochi lililolowa, bila kujali, akalia.

Akaniambia siku kumi na saba hajalala. Amekuwa akilaza mkono karibu na kifua changu kuona kama kinapanda na kushuka.

Sina la kuandika hapo. Nimeliandika ili liwepo.

Alipomaliza kulia alinitupia tambara la pili, tukakausha wote. Kisha akaenda kwa Nesi, akarudi na pakiti ya chumvi, akapika. Alipakua sahani yangu peke yake, akaimwagia chumvi kiganja kizima, akakaa mbele yangu kuangalia. Nilikula yote. Ulimi ukafa ganzi. Nikasema tamu, nikaomba nyongeza. Kona ya mdomo wake ikacheza kidogo, akageuka upande.

Jumapili, tarehe 23 Machi

Kufua. Ndimu, sabuni, jua, ndimu tena. Nesi alikuja kutusaidia na hakucheka zaidi ya mara sita. Madoa yametoka isipokuwa kwenye magauni mawili, na hayo Mama Watoto ametia mfuko wa mbele, madoa hayaonekani.

Ndoo nane nimezishusha ngazi leo asubuhi, moja moja. Mwenye gari la taka amekubali kuzichukua. Mgongo ulikumbuka kila ngazi. Cherehani nimeitoa nje mimi mwenyewe, nikaiweka katikati ya roshani, nikaizungusha mpaka mwanga ukaja upande wa kushoto, kama anavyopenda.

Ametunga uzi mara ya kwanza tu. Alinitazama juu ya miwani. Nilifurahi kuliko siku ile aliyochana mkataba, na hilo nimeshangaa kulijua.

Jumamosi, tarehe 29 Machi

Sare arobaini zimekabidhiwa! Kila gauni lina mkono wa kushoto na mkono wa kulia. Mimi ndiye nilipiga pasi. Nimeunguza moja tu, na ni kola.

Mama Watoto ameandika mkataba mpya, safari hii kwa mwandiko wake, haukuhitaji karani. Roshani ni yake. Mimi naruhusiwa ndoo sita zilizobaki, zipangwe kando ya ukuta, zisisogee. Na kifungu cha mwisho amekipigia mstari mara mbili: sitasema tena kwamba nina presha wakati sina. Nimeapa mkono juu, Nesi akiwa shahidi kutoka upande wake wa ukuta. Kisha Mama Watoto akasema haya bwana wee, umesamehewa, kaa ule. Bwana wee! Sikujua kama jina hilo ni zuri hivyo.

Nimebadilika. Mimi ni mtu mwingine. Kuanzia leo nisipojua nitauliza. Kuuliza si ujinga. Nimeiandika kwa wino mwekundu na kuibandika ndani ya jalada la faili.

Jumapili, tarehe 30 Machi

Asubuhi njema. Mama Watoto yuko kwa wateja, atarudi saa kumi.

Nesi alionja udongo wangu kwa ncha ya ulimi akasema umeoshwa, chumvi imekwisha. Amenisifu! Akasema sasa ni dhaifu tu, kama mtu aliyetoka hospitali. Akaniambia, shemeji, usiupe vitu vikali, wewe uupe chai tu, mara moja kwa wiki, utaona unavyoamka. Wake anaupa hivyo hivyo kila Jumapili. Kisha akarudi kwenye shughuli zake. Ana ndoo ya maji ambamo ametumbukiza kifuko cha mboji tangu juzi, kimefungwa na kamba, maji yamekuwa ya kahawia. Anakifua, nadhani. Mwanamke msafi sana.

Nilitaka kumuuliza chai gani. Nilikumbuka wino mwekundu, nikafungua mdomo kabisa. Lakini jamani, chai ni chai! Mtu anaulizaje chai? Angenicheka mpaka Pasaka ya mwakani.

Nimepika sufuria kubwa, majani ya kutosha. Nikafikiri. Mtu aliyetoka hospitali humpi chai tupu, unamtilia nguvu. Nimetia sukari. Ndoo ya kwanza ilionekana kuipenda, basi ya pili nikaongeza. Ndoo zote sita zimekunywa, zinanukia vizuri, na sisimizi wameshaanza kuja kuangalia, dalili ya udongo wenye uhai.

Kopo la sukari ni tupu. Pakiti ya akiba pia. Saa kumi Mama Watoto atataka chai yake, atalitikisa kopo, ataniangalia.

Sitasema presha. Niliapa, na sahihi yangu naiheshimu.

Nitamwambia sukari yangu imepanda.